Kupiga msuli mara mbili: ukikabidhiwa michezo kwenye sekondari ya serikali huku Nyanda za Juu, anza hivi

Mimi ni mwalimu wa Jiografia na Hisabati, michezo nilikabidhiwa mwaka wangu wa kwanza kazini kwa sababu mbili tu, nilikuwa mgeni na nilikuwa nimevaa raba. Mkuu wa shule aliniangalia miguuni kwenye kikao akasema huyu kijana anafaa michezo, walimu wakapiga makofi, ikaisha hivo. Sikupewa filimbi wala bajeti, nilipewa mpira mmoja uliotoka utumbo na ufunguo wa stoo ambayo kitasa chake kilishakufa kitambo. Kwahiyo hii naandika kwa mwalimu mwenzangu ambae nae kakabidhiwa hivohivo, iwe Kyela, Mbarali, Mufindi au Makete, na kwa mzazi anaejiuliza mtoto acheze au asome.

Shule yetu iko upande wa Rungwe, sitaitaja, ni ya kutwa ila ina bweni la wasichana, mvua inanyesha karibu mwaka mzima na uwanja una mteremko, timu inayoshambulia upande wa jikoni kipindi cha kwanza huwa inaongoza. Sio shule ya vipaji, hatuchujwi kwa ufaulu, tunapokea wote wanaotoka kata yetu.

Wanafunzi wenyewe wana neno lao, kusoma sana wanaita kupiga msuli. Sasa we fikiria, neno la uwanjani ndo limeenda kukaa darasani, na watu wazima bado tunabishana kama hivi vitu viwili vinaendana. Hata mashindano ya shule za msingi, UMITASHUMTA, ile TA ya katikati ni Taaluma, Umoja wa Michezo na Taaluma. Wengi tunaitamka tu kama jina la dawa bila kujua imebeba nini. Na kuna kipindi mwanzoni mwa miaka ya 2000 haya mashindano ya mashuleni yalisimamishwa kabisa, watu wakaamini watoto watasoma zaidi, mpaka leo kuna wazee kwenye bodi za shule wanaona ile ilikuwa sawa, utakutana nao, jiandae.

Ugomvi wenyewe ni wa saa

Nimekaa miaka kadhaa nikagundua michezo haigombani na taaluma, inagombana na muda kati ya saa tisa alasiri na saa kumi na mbili jioni. Hapo ndo pana kila kitu, usafi, rimidio za kidato cha pili na cha nne, shamba la shule, dini, na wewe na mpira wako. Kabla hujanunua hata filimbi nenda ukakae na mwalimu wa taaluma, peleka chai na maandazi kabisa, mwambie nipe siku mbili na jumamosi asubuhi. Usiombe siku tano. Ukiomba tano utapewa tano za mdomo alafu kila siku utakuta darasa limefungiwa ndani lina mtihani wa ghafla.

Sisi tulikubaliana jumanne na alhamisi, saa tisa na nusu mpaka saa kumi na moja kamili, na hiyo kamili ni kamili kweli. Wasichana wa kutwa wengine wanatembea zaidi ya saa moja kurudi nyumbani, wanapita kwenye migomba na mashamba ya chai, ukiwaachia saa kumi na mbili giza linawakuta njiani, na ikitokea jambo moja tu hautaona msichana uwanjani tena miaka mitatu, na wazazi watakuwa na haki. Mimi huwa nampa kiranja wa michezo saa ya mkononi, ikifika kumi na moja anapuliza filimbi hata kama tunapiga penati.

Jumatatu na ijumaa asubuhi kuna mchakamchaka, huo upo tayari, huuombi kwa mtu. Tumia huo kutafuta wakimbiaji wa mbali. Kimbia nao ukiwa nyuma kabisa usikilize, maana wote wanaanza wanaimba, dakika ya kumi nusu wamenyamaza, dakika ya kumi na tano ukisikia bado kuna sauti inaitikia vizuri bila kukatika, nenda kaangalie ni nani. Mkimbiaji wangu bora wa mita 3000 nilimpata kwa sikio. Alikuwa mfupi, miguu imepinda kidogo, kwa macho nisingemchagua hata kuokota mipira.

Daftari

Nunua kaunta buku, la kurasa nyingi, hili ndo kocha msaidizi wako. Kila mchezaji ana ukurasa wake. Juu jina, kidato, anakaa wapi, namba ya mzazi. Chini yake unachora safu, mahudhurio ya mazoezi, mahudhurio ya darasani, na alama za test ya kila mwezi kwa masomo yote saba au zaidi anayosoma. Alama unaenda kuchukua mwenyewe kwa walimu wa masomo, usimtume mchezaji, atakuletea ndoto.

Alafu mfundishe kila mchezaji hesabu ya divisheni kama unavyomfundisha ofsaidi, maana utashangaa, mtoto yuko kidato cha tatu anasema nataka divisheni wani ila hajui inapatikanaje. Kidato cha nne NECTA, yaani baraza la mitihani, wanachukua masomo saba uliyofanya vizuri zaidi. A ni pointi 1 na inaanzia alama 75, B pointi 2 inaanzia 65, C pointi 3 inaanzia 45, D pointi 4 inaanzia 30, chini ya hapo F, pointi 5. Jumla ikiwa 7 mpaka 17 ni wani, 18 mpaka 21 tuu, 22 mpaka 25 thrii, 26 mpaka 33 foo, 34 na 35 ndo ile yenye mviringo.

Sasa chukua mchezaji wa kawaida, sio kipanga sio kilaza. Akipata C tatu na D nne, tisa jumlisha kumi na sita, 25, anakaa thrii kwa kucha. D moja ikiteleza ikawa F anakuwa na 26, foo. Na zile C tatu ndo zinampa nafasi ya kufikiriwa kidato cha tano, bila kuhesabu masomo ya dini. Kwahiyo mwambie hivi, wewe mechi yako ni 45 kwenye masomo matatu na 30 kwenye manne, hiyo ndo sare ya ugenini, ukishaihakikisha tunatafuta ushindi. Watoto wa mpira wanaelewa lugha hiyo haraka sana. Kuna beki mmoja alikuwa anakuja ofisini ananiambia "mwalimu Biolojia nimebakiza alama sita nisawazishe".

Swali ambalo kila mtu ataniuliza, akifeli test unamfungia? Hapana, na hapa natofautiana na wakuu wengi. Ukimfungia mazoezi hatoki uwanjani kwenda maktaba, anatoka kwenda kwenye banda la gemu au kijiwe cha bodaboda. Mimi sheria yangu ni kwamba akishuka, anakuja mazoezini kama kawaida ila anakuja na daftari la somo aliloshuka, anakaa pembeni kwenye gogo dakika arobaini anafanya maswali, kipindi kimoja, alafu anaingia. Na mechi ya jumamosi anavaa jezi anakaa benchi. Kuvaa jezi bila kuingia kunauma kuliko kiboko, na wenzake wanamcheka kwa upole, mwezi unaofuata unaona tofauti. Sio wote. Kuna waliokaa kwenye gogo mwaka mzima.

Kosa langu

Hili nalisimulia ili usilirudie. Mwaka wa tatu timu yetu ya soka ikapita kata, ikapita wilaya, watoto wangu wanne wakachaguliwa timu ya mkoa ya UMISSETA, yale mashindano ya shule za sekondari. Shule nzima tulikuwa juu, mkuu akachinja mbuzi. Mmoja alikuwa winga wangu wa kulia, kidato cha nne, mtoto wa mama mmoja muuza ndizi pale Tukuyu. Mama alikuja shuleni na mkungu wa ndizi kichwani, akanipa shikamoo mimi mdogo kabisa kwake, nikaona aibu nikaikwepa, akasema "ndaga fijo (asante sana) mwalimu, ila mwanangu nilimleta asome, huko anakoenda daftari atapata?" Nikamjibu mama usiwe na wasiwasi, atafidia akirudi.

Hakufidia. Unajua ratiba inavyokaa, maandalizi yanaanza mvua zinapoelekea kuisha, kambi ya wilaya, kambi ya mkoa, taifa huwa mwezi wa sita, akirudi anakuta moko, mtihani wa majaribio, iko mlangoni, na Novemba ni NECTA. Topiki mbili za Kemia na karibu tatu za Hisabati zilipita hayupo, mimi nilikuwa nashangilia tu matokeo kwenye simu. Januari mkeka ulipotoka alikuwa na foo ya 27. Ukikumbuka hesabu ya hapo juu, pointi mbili tu. Kabla ya kambi daftari langu mwenyewe lilikuwa linaonesha yuko kwenye 24. Miezi mitatu nilikuwa nazungukia mbali nisipite kwenye meza ya yule mama sokoni. Baadae alirisiti akapata C alizokuwa anadaiwa, ila mwaka ulikuwa umeenda, na kosa halikuwa la mpira.

Sasa tunafanya hivi, na ningekuwa na uwezo ningeibandika ukutani kila shule. Wiki mbili kabla mtoto hajaondoka, kila mwalimu wa somo anaandika kwenye karatasi moja topiki atakazofundisha mpaka mtoto atakaporudi, na kurasa za kitabu. Karatasi hizo zinaingia kwenye begi pamoja na pasti pepa za miaka mitatu ya masomo yake manne anayoyategemea. Anachaguliwa rafiki wa darasani mwenye mwandiko unaosomeka, huyo anaandika notsi, jumamosi mimi nazipiga picha na simu yangu namtumia mwalimu aliye nao kambini, maana wanafunzi simu hawaruhusiwi. Kambini omba saa moja na nusu baada ya chakula cha mchana, mazoezi huwa asubuhi na jioni, mchana watoto wanalala au wanacheza karata, hakuna mwalimu atakaekukatalia ukiomba kwa adabu kabla kambi haijaanza. Akirudi ana wiki mbili za rimidio, hagusi mpira. Na akiwa kidato cha nne, mzazi anaitwa anaambiwa ukweli wote kabla, anaamua yeye na mtoto, wewe funga mdomo wako hata kama ndo golikipa wa pekee.

Kidato cha pili nao usiwasahau, nao wana mtihani wa NECTA mwezi Novemba, na akifeli anarudia darasa.

Uwanja wa kukimbilia, na darasa la Hisabati lililojificha humo

Hapa ndo napapenda, nitakaa kidogo.

Shule nyingi za huku hazina njia ya kukimbilia, watoto wanakimbia kuzunguka goli mpaka goli, alafu wanafika wilayani wanakuta kona na laini, wanachanganyikiwa. Mzunguko kamili wa mita 400 unataka eneo kubwa, karibu mita 160 kwa urefu kabla hujaongeza laini za nje, huna. Ila mzunguko wa mita 200 unaingia vizuri kwenye uwanja wa mpira, na uchoraji wake ni mada ya duara na Pitagorasi ambazo tayari ziko kwenye silabasi. Kwahiyo usichore peke yako, chukua kidato cha tatu, jumamosi, mwezi wa tano udongo ukishakauka kidogo.

Mnahitaji mambo mawili ya nondo, yaani vigingi, nyundo, futi kamba ya mita 50 kama mnaweza kuazima kwa fundi, waya wa kufungia nondo, na ndoo za chokaa au majivu. Majivu ya jikoni kwa wapishi wa shule yanatosha kwa mazoezi, ila yachekecheni. Kamba ya manila msitumie, inavutika, mtapata duara lenye nundu.

Pigeni mambo mawili katikati ya uwanja, kutoka moja mpaka jingine mita 40 kamili. Hizo ndo nyoofu zenu mbili za pembeni, mita 40 kila upande, jumla 80. Zinabaki 120 za kona mbili, ambazo ukiziunganisha ni duara moja. Hapo simama uwaulize, duara lenye mzingo wa mita 120 nusu kipenyo chake ni ngapi? Waache wahangaike. 120 gawanya kwa mara mbili ya pai, inakuja 19.10. Ila mkimbiaji hakanyagi mstari, anakimbia pembeni yake, na kama mstari ni wa chokaa tu bila ukingo kipimo kinachukuliwa sentimita 20 kutoka kwenye mstari, kwahiyo waya wenu wa kuchorea unakuwa mita 18.90. Mmoja anashika waya kwenye mambo, mwingine anatembea na ncha, wa tatu anamwaga chokaa nyuma yake. Pembe mraba mnazipata kwa 3, 4, 5, futi kamba tu, mita tatu huku, nne kule, mshazari ukisoma tano pembe imenyooka.

Laini moja ina upana wa mita 1.22. Ongezeni 1.22 kwenye waya kila mnapochora laini inayofuata. Laini nne zinatosha.

Ikaja sehemu ya kuanzia. Mwaka ule tulichora mara ya kwanza kulikuwa na msichana mmoja, Hisabati alikuwa na 11 kwenye test, na nilimpa ashike waya kwa sababu nilijua akikaa pembeni atalala. Nikawaambia kwa mzunguko mmoja laini ya pili lazima aanze mbele, mbele kiasi gani? Wakapiga hesabu ndefu, wengine wakarudia duara lote. Yeye akawa kimya anaangalia chini, akaokota kijiti akaandika kwenye tope, pai mara mbili mara 1.22. Akapata 7.67. Laini ya tatu 15.33, ya nne 23.00. Alafu akaniuliza, "mwalimu, kwahiyo uwanja hata uwe mkubwa kama wa Sokoine pale Mbeya, tofauti ni ileile?"

Nikabaki nimeshika nyundo. Ndiyo, ni ileile, nusu kipenyo inajifuta yenyewe, kinachobaki ni upana wa laini tu, na mimi nilikuwa nimefundisha mada hiyo miaka minne bila kuwaza kuisema hivyo. Test iliyofuata alipata 38. Sio 80, 38, D safi. Hisabati ndo somo linaloangusha watoto wengi kila mwaka kwenye kidato cha nne, kutoka 11 mpaka 38 kwa jumamosi moja na ndoo ya majivu mimi naichukua.

Mkiishachora, pimeni. Mtu mmoja na saa ya simu mwanzoni, mwingine mwishoni, andikeni muda wa kila mtu, na zile takwimu zipelekeni darasani, wastani, moda, median, grafu. Mwalimu wa Fizikia nae apewe, mwendokasi na mchapuko mnao hapo nje bure.

Kwa michezo mingine nitakwambia vipimo tu. Netiboli uwanja ni mita 30.5 kwa 15.25, ringi iko juu mita 3.05, nguzo za milingoti (mikaratusi) zinatosha. Wavu ni mita 18 kwa 9, neti 2.43 wavulana na 2.24 wasichana. Goli la soka upana 7.32 urefu 2.44, na tafadhali pima, maana kuna goli nimeliona Mbarali fundi alikadiria kwa jicho, golikipa wao alikuwa hodari sana mpaka alipofika ugenini.

Desturi haiji yenyewe

Shule za zamani za huku zina kitu ambacho sisi wa kata hatuna, nacho sio majengo. Malangali ya Mufindi ilianza 1928, na tangu mwanzo ngoma za asili ziliwekwa ndani ya shule zikifundishwa na wazee, sio kitu cha kupoteza muda baada ya masomo. Tosamaganga, Ifunda, Iyunga, Loleza, mtu aliyesoma huko miaka thelathini iliyopita ukimgusa tu anakwambia bweni lake na nani alikuwa anakimbia. Mkwawa yenyewe tangu 2005 ni chuo kikuu kishiriki lakini waliosoma pale sekondari bado wanajiita wa Mkwawa. Sisi shule imeanza juzi, nani atatukumbuka?

Nilichofanya ni ubao. Mbao za paina, zinapatikana, msitu wa Sao Hill uko hukuhuku Nyanda za Juu, fundi wa kijijini akapiga randa, tukapaka rangi nyeusi. Upande wa kushoto rekodi za shule, mita 100, 400, 1500, kuruka chini, na jina na mwaka. Upande wa kulia alama ya juu ya kila somo kwenye moko, na jina na mwaka. Herufi saizi ileile, rangi ileile, na ubao uko kwenye korido ambayo hakuna anaeweza kwenda chooni bila kuupita. Mwaka wa kwanza upande wa kulia ulipigwa picha na wazazi, wa kushoto na wanafunzi. Sasa kuna mtoto jina lake liko pande zote mbili, mita 1500 na Historia, na wadogo zake wanatembea kama wana hisa kwenye shule.

Gawanya pia wanafunzi kwenye nyumba nne hata kama ni kutwa, msipange kwa kata zao, changanyeni. Pointi za nyumba zitoke kwenye mechi, usafi, na wastani wa test. Hapo utaona kitu cha ajabu, kipanga asiyejua hata kupiga danadana anaanza kumfundisha straika Kiingereza saa ya mapumziko, maana straika anawashusha wote.

Waliomaliza nao waite. Huku kwetu mpira unaheshimika, Mbeya City walipopanda ligi kuu msimu wa 2013/14 wakamaliza wa tatu, kila mtoto wa jiji akataka njumu, hizo ndo nguvu zilizopo mtaani. Mchezaji au mwanajeshi au nesi aliyepita shuleni kwako akija nusu saa tu paredi, anafanya kazi ambayo wewe unaihubiri mwaka mzima.

Mengine ya haraka haraka

Chakula. Asiyekula mchana asikimbie, basi. Huku tunalima mahindi, viazi, maharage, ndizi, maparachichi, na bado Njombe na Iringa ni mikoa inayoongoza kwa udumavu, tunauza vyote tunabaki na ugali. Kama shule ina chakula cha wazazi, ongea na kamati waongeze maharage, siku za mazoezi makande yapikwe hayo.

Baridi. Mwezi wa sita na wa saba asubuhi ni mvuke mdomoni, dakika kumi na tano za kupasha mwili sio hiari, misuli ya nyuma ya paja inachanika hivi hivi. Na mkienda mikoa ya joto, kama walivyoenda Mtwara 2021, watoto wa milimani wanaungua, hawana mazoea ya kunywa maji. Wafundishe kunywa kabla ya kiu.

Kuteguka. Usiruhusu mtu amchue mtoto kwa maji ya moto siku hiyohiyo, najua kila kijiji kina babu yake wa kuchua na mimi nawaheshimu, ila siku ya kwanza na ya pili ni maji ya baridi, bandeji, na mguu juu ya begi. Akishindwa kukanyaga hatua nne mwenyewe, mpeleke hospitali akapigwe picha, usisubiri kesho.

Vifaa. Njumu za mitumba ziko soko la Mwanjelwa, Mbeya, nenda asubuhi marobota yakifunguliwa, chukua saizi 39 mpaka 42. Kuchangisha wazazi pitia bodi ya shule na iandikwe, usichangishe kwa mdomo wako, elimu bila malipo imewafanya wazazi wawe macho na ni sawa. Wasichana watafutie madam wa kusimamia, awe na pedi na pini kwenye begi lake, hilo limeniongezea wachezaji wa netiboli kuliko mpira mpya.

Mamluki. Utashawishiwa, kuna kijana kamaliza miaka miwili iliyopita anataka kuchezea shule kwa jina la mdogo wake. Kataa. Ukikamatwa timu nzima inatolewa, na ukishinda nae umemuibia nafasi mtoto ambae daftari lake umelijaza mwenyewe mwaka mzima.

Masomo ya michezo. Wengi hawajui kwamba elimu ya michezo ni somo la kufanyia mtihani NECTA, na kwenye tahasusi mpya za kidato cha tano za kuanzia 2024 kuna zenye michezo ndani. Shule zenye walimu wake ni chache lakini mtoto mwenye kipaji na C zake tatu ajue kuna njia hiyo kabla hajajaza selfomu, ile fomu ya kuchagua tahasusi.

Mwezi wa kumi na moja kidato cha nne wakishaingia kwenye pepa, kusanya jezi zote kwa kusaini, daftari lifunge kwenye kabati la mwalimu wa taaluma sio kwenye ile stoo, na yale mambo mawili ya nondo ya katikati ya uwanja usiyang'oe. Yagongelee mpaka yalingane na udongo, chora ramani nyuma ya daftari, hatua ngapi kutoka goli la upande wa jikoni. Mwambie mlinzi pia, maana sisi moja lilifukuliwa na ng'ombe likaenda kufungia banda la kuku, kidato cha tatu wa mwaka uliofuata wakaanza kupima upya toka mwanzo, na wao kona zao zilitoka nzuri kuliko za kwetu.